Maswali ya wasomaji: vidonge vya mapigo ya moyo na mitego yake

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: moyo unaodunda ovyo na dawa za kuutuliza. Tumechagua saba. Majina ya dawa tumeyaandika kama yanavyotamkwa. Kwenye boksi tahajia itatofautiana kidogo, kwa hiyo ukiwa na shaka mwonyeshe mfamasia. Dozi tulizotaja ni za watu wazima. Zikusaidie kukagua ulichoandikiwa, si kujiandikia.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74. Vyumba vya juu vya moyo wake vinapapatika, tuliambiwa inaitwa fibrilesheni ya atria, na moyo wenyewe ni dhaifu. Anameza digoksini kila asubuhi pamoja na furosemaidi ya kupunguza maji. Wiki iliyopita alipewa klarithromaisini ya kifua. Sasa hali chakula, anatapika, na anasema taa zina duara la manjano. Je, ni dawa ya kifua imemchafua tumbo?
*Binti anayeuguza*

Marahaba. Usimpe digoksini nyingine, na mpeleke hospitali leo hii, usingoje siku ya kliniki. Kukosa hamu ya kula, kutapika na kuona manjano au kijani kuzunguka taa ni dalili za digoksini iliyozidi mwilini. Wengine hawatapiki kabisa, huchanganyikiwa tu, na kwa kuwa ni wazee watu husema ni umri.

Dawa ya kifua inahusika kweli, ila si kwa kuchafua tumbo. Mwili huitoa digoksini kwa pampu maalumu zilizo kwenye utumbo na figo. Klarithromaisini huzizuia pampu hizo, kwa hiyo dozi ileile aliyoizoea mama huanza kulundikana. Erithromaisini hufanya vilevile, na hata dawa nyingine za moyo zimo: verapamili na amiodaroni. Daktari anayemwanzishia amiodaroni mtu aliye kwenye digoksini kwa kawaida huikata digoksini kwa nusu.

Kisha kuna furosemaidi, ambayo hukojoza maji pamoja na potasiamu. Digoksini na potasiamu hugombea nafasi moja kwenye seli za moyo. Potasiamu ikipungua, digoksini hupata nafasi zaidi, na sumu inaweza kutokea hata kipimo cha damu kikionyesha kiwango kisichotisha. Na kuna figo. Zikiwa nzima, nusu ya digoksini hutoka kwa saa 36 hadi 48. Zikiwa zimechoka sana, muda huo unafika siku 4 au 5, na mgonjwa anayetapika bila kunywa maji anazichosha zaidi. Kwa mama yako mambo haya yote huenda yamekutana ndani ya wiki moja, na ndivyo inavyotokea mara nyingi. Ni nadra digoksini kumgeuka mtu bila kusukumwa na kitu kingine.

Mkifika, mtajie daktari saa aliyomeza kidonge cha mwisho. Damu ya kupima digoksini inapaswa kuchukuliwa saa 6 au zaidi baada ya kidonge. Ikichukuliwa mapema, namba itakuwa juu bila kumaanisha chochote, kwa sababu dawa bado iko kwenye damu haijaingia kwenye misuli. Kwa mwenye moyo dhaifu, kiwango kinacholengwa ni nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa mililita. Potasiamu, magnesiamu, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, vipimwe pamoja. Usimpe vidonge vya potasiamu nyumbani kwa kusikia kwamba imepungua: sumu ikiwa kali potasiamu ya damu hupanda badala ya kushuka, na kuiongeza ni kumhatarisha. Kwa hali mbaya ipo sindano ya kingamwili inayoinasa digoksini na kuiondoa kazini.

Akishatulia, angalieni na boksi. Digoksini huja katika mikrogramu 62.5, 125 na 250, na makampuni mengine huandika 0.0625, 0.125 na 0.25 kwa miligramu. Famasia ikibadilisha kampuni, vidonge vinaweza kufanana huku dozi imekuwa maradufu.

Nimetumia amiodaroni miligramu 200 kwa miaka miwili na moyo umetulia kabisa. Sijapimwa damu tangu nianze kwa sababu sina shida. Nina kikohozi kikavu tu kwa mwezi wa pili sasa. Naweza kuiacha dawa?
*Mzee wa Kikohozi*

Shikamoo mzee. Kikohozi hicho ndicho kilichotufanya tuitangulize barua yako. Amiodaroni inaweza kuyaathiri mapafu, na dalili zake ni za kawaida mno: kikohozi kikavu, kuishiwa pumzi unapopanda ngazi, homa ndogo. Wengi hutibiwa nimonia mara mbili tatu kabla ya mtu kukumbuka kidonge. Nenda wiki hii, sema neno "amiodaroni" katika sentensi ya kwanza, na uombe picha ya kifua. Ukishindwa kupumua vizuri ukiwa umekaa, nenda usiku huohuo.

Kuiacha ni uamuzi wa daktari wako, na atauharakisha akiona mapafu yameguswa. Ila jua kwamba dawa hii haiondoki upesi. Hujificha kwenye mafuta ya mwili, na nusu yake huchukua wastani wa siku 50 hivi kutoka. Kwa wengine ni zaidi ya siku 100. Maana yake ni kwamba miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho bado inagongana na dawa nyingine, na ngozi bado inaungua na jua. Mtu akiulizwa "unatumia dawa gani?" na aliacha amiodaroni miezi miwili iliyopita, ajibu kama vile bado anaitumia.

Kukaa miaka miwili bila damu kupimwa ni kosa la mfumo kama lilivyo la mgonjwa, kwa sababu dawa hii ilipaswa kuja na ratiba. Kabla ya kuanza: tezi ya shingo, ini, picha ya kifua, ECG, na potasiamu. Baada ya hapo tezi na ini kila miezi 6. Tezi hupimwa kwa sababu kidonge kimoja cha miligramu 200 kina takribani miligramu 75 za ayodini, wakati mwili unahitaji kama mikrogramu 150 tu kwa siku. Hata ile sehemu ndogo inayoachiliwa inazidi mahitaji kwa makumi ya mara. Tezi ikilala, utahisi baridi, uzito na kufunga choo. Ikichachamaa, utakonda na kutetemeka, na mara nyingi ishara ya kwanza ni moyo uliokuwa umetulia kuanza tena kudunda ovyo. Hapo kosa kubwa ni kuongeza amiodaroni kabla ya kupima tezi.

Kwa macho, karibu kila mtumiaji hupata chembechembe kwenye kioo cha jicho na kuona miduara kwenye taa usiku. Hiyo peke yake si sababu ya kuacha. Uwezo wa kuona ukipungua ghafla, hilo ni la dharura. Vaa mikono mirefu na kofia juani.

Ukiwa kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amiodaroni huongeza nguvu yake polepole kwa wiki kadhaa, na dozi ya warfarini hupunguzwa kwa kama theluthi moja hadi nusu huku INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikipimwa kila wiki. Simvastatini ya kolesteroli isizidi miligramu 20 kwa siku. Juisi ya balungi iache.

Dada yangu anatembea na flekainidi kwenye pochi. Moyo ukianza mbio anameza, baada ya saa chache umetulia. Mimi pia moyo hunikimbia. Amenipa vidonge vitatu. Nimeze vingapi?
*Mdogo Mtu*

Usimeze hata kimoja. Virudishe.

Anachofanya dada yako ni tiba halali ya kidonge cha mfukoni, lakini ina masharti ambayo hayaonekani kwenye pochi. Kwanza moyo hupigwa picha ya mawimbi ya sauti kuthibitisha hauna kovu wala misuli dhaifu. Mwaka 1989 jaribio kubwa lililojulikana kama CAST lilionyesha kwamba watu waliowahi kupata shambulio la moyo, wakapewa flekainidi au enkainidi kunyamazisha mapigo ya ziada, walikufa wengi zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mapigo yalitulia kweli, na watu wakafa. Tangu hapo dawa za kundi hili hazipewi mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo au moyo uliochoka.

Pili, dozi ya kwanza kabisa ya kidonge cha mfukoni humezwa hospitalini, mgonjwa akiwa ameunganishwa na ECG. Flekainidi inaweza kugeuza mpapatiko kuwa mzunguko wenye mpangilio ambao kila pigo la juu linapita hadi chini, na kasi ikaruka ghafla kupita 200. Ndiyo maana wengi huambiwa wameze kwanza dawa ya kupunguza kasi, kama bisoprololi au verapamili, dakika 30 kabla. Bila shaka dada yako anameza na hiyo, umwulize.

Dozi yenyewe hufuata uzito: miligramu 200 chini ya kilo 70, miligramu 300 kuanzia kilo 70. Hairudiwi ndani ya saa 24. Baada ya kumeza unakaa au kulala, huendeshi gari, na usipotulia baada ya saa 6 hadi 8, au ukihisi kuzimia, unaenda hospitali bila kumeza chochote zaidi. Zaidi ya hayo, moyo wako huenda haukimbii kwa sababu ileile ya dada. Siku ukianza, kimbilia ECG wakati bado unakimbia. Karatasi moja ya wakati huo ina thamani kuliko maelezo ya mwaka mzima.

Bisoprololi iliniisha safarini, sasa ni siku ya nne. Moyo unapiga 120 nikiwa nimekaa. Sikuwahi kufika hapo hata kabla ya kuanza dawa. Imekuwaje?
*Msafiri*

Dawa ikiuziba mlango wa adrenalini kwa miezi, mwili hujibu kwa kuongeza milango. Ukiacha ghafla, milango yote hiyo iko wazi, na moyo unakwenda mbio kupita ulikotoka. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, hali hii inaweza kuleta maumivu ya kifua au shambulio kamili. Kuacha kwa mpango hufanywa kwa kupunguza dozi taratibu kwa wiki moja hadi mbili au zaidi.

Onana na daktari leo, kaka. Kama ulikuwa kwenye dozi kubwa au una moyo dhaifu, anaweza kukuanzishia chini kidogo. Usijirudishie miligramu 10 baada ya siku nne bila kuuliza. Usiazime verapamili wala diltiazemu ya mtu ili kujisogeza. Zikikutana na bisoprololi, umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini unaweza kukatika, na kutoka 120 ukajikuta kwenye 35.

Na mwenye kisukari anayetumia bisoprololi au dawa nyingine za kundi lake ajue kwamba sukari ikishuka hatasikia moyo kwenda mbio wala kutetemeka. Jasho hubaki. Likikutoka bila sababu, pima sukari.

Moyo umerudi kwenye mpangilio tangu mwaka jana, lakini daktari anakataa kuniondoa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda. Nina miaka 68, nina presha na kisukari. Aspirini haitoshi?
*Baba wa Watatu*

Haitoshi. Aspirini huzuia kidogo sana damu iliyotuama kwenye kifuko cha chumba cha juu cha kushoto, na bado inavujisha damu tumboni. Fibrilesheni huongeza uwezekano wa kiharusi takribani mara 5, na mipapatiko mingi hupita kimya bila mwenyewe kuhisi. Kwa hiyo uamuzi haufuati mapigo ya leo, unafuata alama: moyo dhaifu 1, presha 1, kisukari 1, ugonjwa wa mishipa 1, umri 65 hadi 74 alama 1, miaka 75 na kuendelea 2, kiharusi cha zamani 2. Kuanzia 2 dawa inapendekezwa. Wewe, baba, una 3.

La maana zaidi ni kuitumia sawasawa, maana makosa ni mengi. Rivaroksabani ya miligramu 20 humezwa na chakula. Kwa tumbo tupu karibu theluthi moja haifyonzwi. Dabigatrani haifunguliwi kapsuli, kwa sababu unga mtupu huingia mwilini kwa wingi kupita kiasi. Apiksabani ni miligramu 5 mara mbili kwa siku, na hushushwa hadi 2.5 kwa mwenye mawili kati ya haya: miaka 80 au zaidi, kilo 60 au chini, kreatinini ya mikromoli 133 au zaidi. Wako watu waliopewa 2.5 "kwa usalama" bila kuwa na hata moja. Huo si usalama, ni nusu kinga.

Mwenye valvu ya chuma, au valvu ya maitro iliyobana kwa wastani au zaidi, hatumii hizi mpya. Kwake ni warfarini. INR ya fibrilesheni kwa kawaida ni 2 hadi 3, na ya valvu ya chuma inaweza kuwekwa juu zaidi. Mboga za majani ale, ila kiasi kisipande na kushuka kila wiki.

Maumivu ya mgongo yasikupeleke kwenye diklofenaki au ibuprofeni. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, na baadhi ya dawa za kifafa, hushusha sana nguvu ya dawa hizi zote. Daktari wa moyo aambiwe kabla hazijaanza.

Nikisahau dozi?
*Msahaulifu*

Usimeze mbili kufidia. Kwa dawa ya kuzuia damu kuganda ya mara mbili kwa siku, una saa 6. Mfano: dozi ya saa 2 asubuhi ukiikumbuka saa 7 mchana, meza, ukiikumbuka saa 10 jioni, iache, meza ya saa 2 usiku kama kawaida. Ya mara moja kwa siku ina saa 12. Kwa digoksini, amiodaroni na bisoprololi za mara moja kwa siku, kipimo hichohicho cha saa 12 kinafaa. Flekainidi na sotaloli zina haraka zaidi. Ukishachelewa kwa saa kadhaa, iruke.

Ukisahau kama ulimeza au hukumeza, hesabu kwamba ulimeza. Kiboksi chenye vyumba saba kinamaliza ubishi huo, isipokuwa kwa dabigatrani, ambayo huharibika kwa unyevu na hukaa kwenye chombo chake.

Natumia sotaloli. Nimeugua malaria, na rafiki ameniambia dawa za malaria na za moyo haziendani. Pia, mashine ya presha inanipa mapigo 74, kidole kinanipa 90. Niamini kipi?
*Mama Mwenye Mashine*

Rafiki yako amesema kweli kwa sehemu, mama, lakini malaria haisubiri. Nenda kituoni, tibiwa, ila sotaloli itajwe kabla dawa haijachaguliwa. Sotaloli hurefusha muda wa moyo kujichaji upya baada ya kila pigo, unaoonekana kwenye ECG kama QT. Dawa nyingine ikiurefusha tena, moyo unaweza kuingia kwenye mzunguko hatari unaomwangusha mtu bila onyo. Kwinini na klorokwini ziko kwenye orodha hiyo, na lumefantrini ya kwenye mseto imo pia. Ziko vilevile azithromaisini, erithromaisini, moksifloksasini, flukonazoli, domperidoni ya kichefuchefu na haloperidoli. Amoksisilini na parasetamoli hazimo.

Daktari anaweza kuchagua dawa nyingine, au akatumia iliyopo huku akikupima ECG. QT iliyorekebishwa ikipita milisekunde 500, kitu lazima kisimamishwe. Homa ikija na kutapika au kuharisha, potasiamu na magnesiamu hushuka na figo hupungua kasi, na sotaloli hutoka kwa figo. Kwa hiyo siku za kuharisha ni siku za kupimwa damu, hata kama malaria yenyewe imeshapona. Ukizimia, au ukikaribia kuzimia, ni dharura.

Kuhusu mashine: mapigo yakiwa hayana mpangilio, amini kidole, na kidole chenyewe kwa dakika nzima. Mashine ya presha huruka mapigo dhaifu. Kaa dakika 5, weka vidole viwili chini ya kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, usitumie kidole gumba kupimia kwa kuwa kina mapigo yake, uhesabu sekunde 60. Kuzidisha sekunde 15 mara nne kunafaa kwa moyo wenye mwendo sawa tu. Mhudumu akisikiliza kifuani anaweza kupata zaidi ya kidole, kwani mapigo mengine hayafiki mkononi. Ya kifuani ndiyo sahihi. Kwa fibrilesheni isiyo na dalili, chini ya 110 ukiwa umekaa kwa kawaida inakubalika. Chini ya 50 na kizunguzungu, piga simu kabla ya kumeza dozi inayofuata. Presha nayo pima mara tatu, ukipumzika dakika moja katikati, uandike wastani.